Kufungua duka la rejareja mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kufungua duka la mahitaji ya nyumbani, lile ambalo Dar es Salaam na miji mingi ya Bara huitwa duka la Mangi hata kama mwenyewe katokea Songea. Unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, mkate, vocha. Taratibu za serikali zilizotajwa ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka zake za kodi na usajili.

## Kabla ya kufungua

1. Mtaji wa kuanzia ni kiasi gani?

Inategemea mtaa, lakini hesabu ni ile ile popote. Gawa fedha mafungu matatu. La kwanza ni la fremu: kodi ya miezi sita au mwaka, dalali, kilemba kama aliyekuwepo anakidai, rafu, grili, mizani. La pili ni la mzigo wa kwanza. La tatu ni la wewe mwenyewe kula na kupanda daladala kwa miezi mitatu bila kugusa droo ya duka.

Wengi hulisahau hilo la tatu, na ndilo linaloua maduka. Duka jipya halina uwezo wa kukulisha mwezi wa kwanza. Ukilitegemea, unakula mtaji kidogo kidogo, leo mchele kilo mbili, kesho nauli, na mwezi wa nne rafu zinakuwa na vioo vingi kuliko bidhaa.

Nashauri walau nusu ya fedha zote iingie kwenye mzigo. Ikiwa haitoshi, shusha hadhi ya fremu. Kibanda chenye mzigo uliojaa kinauza kuliko fremu yenye vigae na rafu tupu. Ukitaka kukopa ili ujazie pengo la kuanzia, soma kwanza swali la 14.

2. Fremu nzuri naitambuaje?

Nenda ukakae jirani nayo. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, kisha jioni saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku, siku ya kazi na siku ya Jumapili. Angalia wanaopita kwa miguu, si magari. Angalia zaidi upande ambao watu wanarudia nyumbani wakitoka kituoni, maana mtu hununua unga na mafuta akiwa anarudi, si akiwa anawahi kazini. Asubuhi wananunua mkate, chai na vocha tu.

Waulize majirani nani alikuwepo na kwa nini aliondoka. Uliza maji hupita wapi masika yakianza. Angalia kama fremu ina LUKU yake au mnachangia na wapangaji wengine, kwa sababu friji kwenye mita ya kuchangia huleta ugomvi kila wiki.

Mkataba uwe wa maandishi na utaje muda wa notisi, nani ataondoka na rafu na grili, na kama kodi inaweza kupandishwa kabla muda haujaisha. Jambo moja linalowashtua wengi: mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kama kodi ya zuio. Wenye nyumba wengi wanataka hela yao kamili mkononi, na hapo hiyo asilimia 10 inakuangukia wewe. Lizungumzeni kabla hujatoa hata shilingi.

3. Naanza na bidhaa zipi?

Zinazoliwa na kwisha kila siku: unga wa sembe, mchele, sukari, chumvi, mafuta ya kula, maharage, majani ya chai, mkate, mayai, sabuni ya kipande na ya unga, viberiti, maji, soda, vocha. Faida yake kwa kila kipande ni ndogo, lakini zinazunguka. Pipi, biskuti na juisi za watoto zina faida nzuri zaidi na hazikai, hasa kama kuna shule karibu.

Vipodozi, vyombo na madaftari viongeze baadaye, watu wakiviulizia. Kila mteja anayeuliza kitu ambacho huna, kiandike. Kikiulizwa na watu watatu tofauti ndani ya wiki, kilete.

## Vibali na kodi

4. Nahitaji vibali gani, na naanza na kipi?

Anza na namba ya NIDA, maana bila hiyo mengine yanakwama. Kisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na mkataba wa pango. Ukiwa navyo, nenda TRA ukachukue TIN ya biashara, yaani namba ya mlipakodi. TIN ni bure, kwa hiyo anayekuuzia anakuibia. TRA watakukadiria kodi na kukupa hati ya uthibitisho wa kodi, ambayo ndiyo halmashauri inaihitaji ili itoe leseni ya biashara. Leseni ya duka la rejareja inaombwa halmashauri, siku hizi kupitia mfumo wa TAUSI, na ada yake inategemea aina ya biashara na mahali ilipo.

Afisa afya wa kata naye atapita kuangalia usafi. Chakula kisikae sakafuni, sabuni na mafuta ya taa visikae rafu moja na unga. Hata asipopita, fanya hivyo. Unga hunasa harufu haraka, na mteja akiusikia una harufu ya sabuni hatarudi.

5. Lazima nisajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara)?

Ukifanya biashara kwa majina yako mwenyewe, unaweza kuanza bila hiyo. Ukitaka kuandika jina jingine ubaoni, kufungua akaunti ya benki kwa jina hilo au kuuzia shule na ofisi zinazotaka ankara, lisajili. Usajili unafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA, na unaweza kuumaliza mwenyewe ukiwa na namba ya NIDA. Kampuni ni habari nyingine, ina hesabu za kila mwaka na mzigo wa kisheria ambao duka la mtaani halina haja nao.

6. Kodi ya mapato nitalipa kiasi gani?

Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hukadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Hapo wengi hupumua, wakidhani wao wamo. Piga hesabu: milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku. Duka lolote linalouza mchele linavuka hapo.

Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na ana daftari lake analipa 30,000, jirani yake aliyeuza hizo hizo bila daftari analipa 100,000. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000. Mwenye nazo ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kuanzia milioni 11 mpaka 100, ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Makadirio yakikuzidi, una haki ya kuomba yarekebishwe, na utakachopeleka mezani ni daftari (swali la 11).

Kumbuka pia kwamba mauzo si faida. Duka la vyakula linaweza kuuza milioni 20 likabaki na faida ya milioni 2, na kodi yake ni 700,000. Iweke akilini unapopanga bei, usiishtukie Machi.

7. Mashine ya EFD (ya risiti za kielektroniki) inanihusu?

Mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka, ndiyo. Hiyo ni kama shilingi 30,000 kwa siku, kwa hiyo duka likichangamka kidogo tu unaihitaji. Kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni mbali zaidi: kiwango chake ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023.

8. Kitambulisho cha mjasiriamali hakitoshi?

Vitambulisho vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vililengwa kwa wamachinga, mama lishe na wengine wadogo ambao mauzo yao hayavuki milioni 4 kwa mwaka. Baadaye utaratibu ukahamia kwenye vitambulisho vya kidijitali. Ukiwa na meza ya nyanya na vitunguu, kinakufaa. Ukiwa na fremu yenye mkataba, fuata swali la 4.

## Mzigo, bei na mizani

9. Ninunue wapi mzigo?

Dar es Salaam, vitu vya viwandani vingi ni Kariakoo, nafaka ni Tandale na Manzese. Lakini usiende Kariakoo kufuata katoni mbili. Nauli, mbeba mzigo na nusu siku ya duka kufungwa vinakula tofauti yote ya bei. Mwanzoni nunua duka la jumla la karibu, na ukishajua unamaliza mifuko mingapi kwa wiki, ndipo upange siku moja ya kwenda mbali ukachukue mzigo wa maana.

Magari ya wasambazaji wa soda, mkate na maji yanapita mitaani. Jua siku zao. Baadhi ya wauzaji wa jumla, wakishakuzoea, watakupa mali kauli: chukua leo, lipa ukiuza. Inasaidia sana ikiwa utalipa siku uliyosema. Ukichelewa mara moja bila kupiga simu, usitegemee kupewa tena.

10. Bei naipangaje nisile hasara bila kujua?

Bei ya kununulia si bei ya gunia peke yake. Chukua mfano wa sukari. Tuseme gunia la kilo 50 ni 135,000 na bodaboda 3,000. Gharama yako ni 138,000, yaani 2,760 kwa kilo. Ukiuza kilo kwa 3,000, gunia zima linakuachia 12,000. Ukiuza robo kwa 800, unapata robo 200, jumla 160,000, faida 22,000. Ndiyo maana duka la mtaani linaishi kwa robo.

Sasa tazama mkono wako unapopima. Sindano ya mizani imefika kwenye robo, unatikisa kijiko, punje zinaanguka, sindano inavuka kidogo, unasema "basi tu" na kufunga mfuko. Ukizidisha gramu tano kila mara, gunia linatoa robo 196 badala ya 200. Robo nne zimeondoka, shilingi 3,200, na hakuna mwizi. Mafuta ndiyo mabaya zaidi: chupa ya kupimia ikibaki na tone, faneli ikivuja, ndoo ya lita 20 haitoi vipimo ulivyotarajia. Pima polepole, rudisha kilichozidi, na funga robo nyingi asubuhi kukiwa kimya badala ya kupima jioni foleni ikiwa mlangoni.

Hilo halimaanishi umpunje mteja. Mizani ya duka lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na ibandikwe stika. Mama mwenye nyumba anaijua robo yake kwa macho, na habari ya duka linalopunja husambaa mtaa mzima kabla ya magharibi.

Vifungashio ni gharama pia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia mifuko mbadala na uiuze au uihesabu kwenye bei.

## Fedha za duka

11. Daftari la duka linaandikwaje?

Waswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa duka hili ni kweli tupu, na kama kuna jibu moja la kufuata kwenye ukurasa huu, chagua hili.

Huhitaji elimu ya uhasibu. Daftari moja la kaunta, kurasa zenye mistari, safu tano: tarehe, mauzo ya siku, mzigo ulionunuliwa, matumizi ya duka (umeme, nauli, ulinzi), na kilichotoka kwenda nyumbani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Sabuni uliyopeleka nyumbani, soda uliyompa mgeni, elfu mbili ya mtoto ya shule, vyote viandikwe kwa bei ya kununulia. Mwisho wa mwezi utaona duka linazaa kiasi gani na nyumba inakula kiasi gani.

Funga hesabu kila usiku kabla ya kufunga mlango. Anza siku na chenji ya kiasi kile kile, tuseme 20,000, ili kilichozidi jioni kiwe ndiyo mauzo. Mara moja kwa mwezi hesabu mzigo wote kwenye rafu na uuthaminishe kwa bei ya kununulia. Thamani ya mzigo ikijumlishwa na fedha taslimu, salio la simu na madeni unayodai, ukatoa unachodaiwa wewe, ndiyo ukubwa wa duka lako. Ikishuka miezi miwili mfululizo, kuna tundu, litafute.

12. Wateja wanaokopa niwafanyeje?

Kutokopesha kabisa mtaani ni vigumu. Kuna mwalimu anayesubiri mshahara na kuna fundi aliyelazwa. Kibao cha "Leo fedha, kesho mkopo" hakitoshi, unahitaji kanuni. Kwanza, weka kikomo cha jumla: madeni yote yakijumlishwa yasizidi faida ya mwezi mmoja. Pili, kila mtu awe na ukurasa wake, aandike mwenyewe na kusaini. Tatu, asiyelipa la kwanza hapati la pili, hata akiwa shemeji.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Dai mapema na dai kwa adabu, mkiwa wawili tu, kamwe si mbele ya wateja. Mtu akiaibishwa hahami na deni lako tu, anahama na jirani zake pia.

13. Nichukue kiasi gani kwa ajili yangu?

Kiasi kilichopangwa, siku iliyopangwa, kama mshahara. Angalia faida halisi ya miezi miwili au mitatu kwenye daftari, chukua isiyozidi nusu yake, nyingine irudi kwenye mzigo mpaka rafu zijae. Ndugu wanaoomba msaada wasaidie kutoka kwenye fungu lako, si droo ya duka.

14. Nikihitaji mkopo niende wapi?

Kwanza kwenye akiba ya watu unaowajua: VICOBA au mchezo wa kijumbe wenye wanachama wanaoaminika. Pili, kwenye mikopo ya halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Kaa mbali na kausha damu. Mtu anakupa 500,000 leo, unarudisha 600,000 baada ya mwezi: hiyo ni riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na hakuna duka la sukari na unga linalozaa hivyo. Kikomo cha Benki Kuu kwa taasisi za huduma ndogo za fedha ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 17,500 kwa mkopo huo huo. Kabla ya kusaini, uliza leseni ya Benki Kuu. Mikopo ya kwenye simu nayo iangalie vivyo hivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni.

Na mkopo ukiupata, ununue mzigo unaozunguka. Usinunulie friji, wala usilipie ada ya shule.

15. Lipa namba na uwakala wa fedha vina faida?

Lipa namba chukua mapema, hupunguza tabu ya chenji na noti bandia, na miamala yake ni kumbukumbu ya mauzo. Soma ujumbe kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kutoa bidhaa, usisomewe kwenye simu ya mteja. Uwakala unaleta watu dukani, lakini unataka mtaji wake pekee na daftari lake pekee. Ukiuchanganya na hela ya unga, hutajua kipi kinapungua.

## Hali za pekee

16. Nina ajira. Naweza kumwachia ndugu au kijana duka?

Unaweza, ukikubali kwamba kazi yako jioni ni kuhesabu. Mkabidhi mzigo kwa maandishi, wote mkisaini, na hesabuni pamoja kila wiki. Mlipe vizuri na kwa wakati. Kijana asiyelipwa atajilipa. Kama ni ajira rasmi, mwandikie mkataba na umwandikishe NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara mkigawana.

17. Duka langu ni dirisha la nyumba ninayoishi. Kuna tofauti?

Vibali ni vile vile (swali la 4). Tofauti ni umeme. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu sana kwa uniti. Friji ya soda ikiunganishwa hapo, mnaweza kuvuka na kuhamishiwa kwenye bei ya kawaida, nyumba nzima. Ongezeko hilo ni gharama ya soda, lihesabu kabla hujaleta friji.

18. Nataka kuuza karanga za kusaga au unga wa lishe ninaofunga mwenyewe.

Hapo umekuwa mtengenezaji. Usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019. Anzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani kwako, watakufundisha ufungashaji na kukupa barua ya kukutambulisha TBS kama mjasiriamali mdogo, jambo linalopunguza gharama za kupata alama ya ubora. Msimbomilia (barcode) unaoanza na 620 utauhitaji ukitaka kuingia supamaketi, si kabla.

19. Vitu gani nisiuze hata vikiulizwa kila siku?

Dawa za binadamu, zina maduka yake yenye kibali. Petroli ya chupa. Pombe bila leseni ya vileo. Na sigara kwa mtoto, hata akisema ametumwa na baba.

20. Rafiki yangu raia wa nje ana mtaji. Tufungue duka kwa jina langu?

Hapana. Amri iliyotolewa Julai 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Mtanzania anayemsaidia kukwepa naye ana adhabu yake, na leseni itakuwa na jina lako.

21. Nikitaka kufunga duka au kuhama mtaa nifanye nini?

Toa taarifa TRA kwa maandishi mapema, maana ukikaa kimya makadirio yanaendelea na deni linakua huku fremu imeshakuwa saluni. Kama una EFD, wasilisha taarifa yake pia. Rudisha leseni halmashauri, na kama jina lilisajiliwa BRELA, toa notisi ya kusitisha. Ukihama mtaa tu, badilisha anwani kwenye TIN na leseni.

Mzigo uuze kwa bei ya kununulia wiki mbili za mwisho, ukianza na vyenye tarehe ya karibu. Waambie unaowadai mwezi mmoja kabla, na umlipe muuzaji wa jumla aliyekupa mali kauli kabla ya mwingine yeyote. Daftari usilitupe: TRA wanaweza kulihitaji miaka kadhaa baadaye.